Naomba ushauri: kumpeleka mpwa wangu kwenye makumbusho ya roketi Peenemünde

Mwalimu wa Malindi aliandika:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili hapa Malindi. Mwezi wa nne, Mungu akipenda, nitakwenda Berlin kumtembelea dada yangu kwa majuma mawili. Mwanawe wa miaka 12 amekwisha kunitangazia kwa simu kwamba mjomba hatapumzika mpaka ampeleke Peenemünde, kwenye makumbusho ya roketi za mwanzo. Lawama ni yangu mwenyewe, kwa sababu alipokuja likizo nilimpeleka Ngomeni nikamwonyesha majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini, nikamweleza kwamba kutoka hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine.

Ninayo maswali mawili mepesi na moja zito. Mepesi ni haya: je, mtu asiye na gari anaweza kwenda na kurudi Berlin kwa siku moja, na je, kuna vitu vya kutosha vya kuona au ni kombora moja la maonyesho na picha ukutani? Zito linatoka kwa dada yangu. Yeye anasema kwamba roketi za Peenemünde zilikuwa silaha za Hitler, na kwamba hataki mwanawe apelekwe mahali pa namna hiyo akarudi anashangilia. Anaona afadhali nimpeleke kumtazama yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosauri kutoka Tanzania iliyoko makumbusho ya Berlin, na mambo yaishe. Sikupata jibu la kumpa. Waliokwisha kufika, tafadhali nielekezeni.

Binti Pangani alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma Greifswald, ambako ni jirani na Peenemünde, na nimekwenda huko mara tatu, mara mbili kati ya hizo nikiwa na wageni kutoka nyumbani, kwa hiyo naweza kukujibu yale mepesi bila kubahatisha.

Peenemünde ni kijiji kilichoko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Usedom, katika Bahari ya Baltiki, pale Mto Peene unapomwaga maji yake. Kutoka Berlin mtapanda treni hadi Züssow, mtabadilisha na kuingia treni ya kisiwani, kisha mtabadilisha tena Zinnowitz. Safari nzima huchukua muda wa saa nne hivi kwa upande mmoja, na ukikosa treni moja kati ya hizo tatu utakaa stesheni unapigwa na upepo hadi uchoke. Kwenda na kurudi kwa siku moja kunawezekana, lakini kwa mtoto naona ni adhabu. Laleni usiku mmoja Zinnowitz au Karlshagen, kwa maana mwezi wa nne watalii wa pwani bado hawajajaa. Makumbusho hufunguliwa saa nne asubuhi. Wakati wa majira ya baridi hufungwa siku za Jumatatu, kwa hiyo hakikisha siku kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu vitu vya kuona, nje kuna mfano wa kombora la A4, ambalo wengi wanalijua kwa jina la V2, uliosimamishwa wima, wenye urefu wa meta 14 na rangi nyeusi na nyeupe kwa mabaka makubwa. Mabaka hayo si mapambo. Waliokuwa wakilitazama likipaa kwa darubini waliyahitaji ili waone kama linajizungusha njiani. Karibu nalo kuna V1, ambayo ni ndege isiyo na rubani, ikiwa imewekwa juu ya reli yake ya kurushia. Wageni wengi hupiga picha hapo, hununua kahawa, huondoka. Wanakosea sana.

Makumbusho yenyewe yako ndani ya kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, jengo kubwa la matofali mekundu ambalo liliendelea kufua umeme hadi 1990, na mwaka uliofuata likafunguliwa kuwa makumbusho. Humo utapita chini ya mitambo ya kubebea makaa na mbele ya matanuri yaliyo marefu kama nyumba za ghorofa, na ukumbi wa turbini siku hizi hupigiwa muziki wa okestra. Mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini watengeneza roketi walihitaji tanuri la makaa la ukubwa ule. Jibu nililipata kijijini, umbali mfupi kwa miguu, kwenye gofu refu la zege ambalo madirisha yake yamebaki matundu na ndani yake miti imeota. Hicho kilikuwa kiwanda cha oksijeni. Nimwachie mwenye ujuzi aeleze, kwa sababu mimi ninasoma misitu.

Fundi Mitambo alijibu:

Binti Pangani amegusa kiini cha jambo, nami nitaliendeleza, kwa kuwa Mwalimu atahitaji kulieleza kwa lugha ya darasani.

Kombora la A4 lilichoma pombe kali, yaani ethanoli iliyochanganywa na maji kwa kiasi cha robo. Lakini moto hauwaki bila oksijeni, na kule juu hewa inakwisha, kwa hiyo roketi ilibidi ibebe oksijeni yake yenyewe. Gesi ingejaza tangi bure kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo, ndiyo maana waliigandamiza na kuipoza hewa mpaka oksijeni ikawa kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Kazi ya kuipoza hewa kiasi hicho hula umeme bila huruma. Isitoshe, oksijeni hiyo haihifadhiki kwa muda mrefu, huchemka na kupotea hewani hata ukiifunikia vipi, hivyo ilibidi itengenezwe karibu na mahali pa kurushia, na kwa wingi uliozidi ule utakaotumika. Kwa maneno mengine, jengo lile la makaa ndilo roketi kwa sehemu yake kubwa. Kilichopaa ni ncha tu.

Ndani ya makumbusho mtafuteni injini. Usimwache mtoto aipite. Juu ya chumba cha mwako ataona vichwa 18 vilivyopangwa kwa duara, mfano wa vikombe vilivyofudikizwa, ambavyo vilinyunyiza pombe na oksijeni ndani. Mwulize: moto wa ndani unapita nyuzi 2,500, na chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,500 na kidogo, basi mbona injini haikuyeyuka? Mwache afikirie. Kuta zake ni mbili, na pombe ilipitishwa kati ya kuta hizo kabla ya kwenda kuchomwa, ikachukua joto njiani, na nyingine ilipenyezwa kwa matundu madogo ikateleza ndani ya ukuta kama utando wa maji. Mpaka leo injini kubwa za roketi hupozwa kwa namna hiyo, kwa mafuta yake zenyewe. Mafuta na oksijeni, zaidi ya tani nane kwa jumla, vilisukumwa na pampu iliyozungushwa na turbini, na vyote vilikwisha kwa muda wa dakika moja na sekunde chache. Baada ya hapo kombora lilikwenda kama jiwe lililorushwa.

Jaribio la kwanza lililofaulu lilikuwa la tarehe 3 Oktoba 1942, lilipofika zaidi ya kilometa 80 juu na kuanguka baharini umbali wa kilometa 190 hivi. Mwezi wa Juni 1944 kombora jingine lilirushwa wima likapita kilometa 170, nalo ndilo kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kufika anga za juu. Haya ni mambo ya kumshangaza mtoto yeyote na sioni aibu yake. Lakini mfahamishe pia kwamba wazo halikuzaliwa hapo: Mrusi Tsiolkovsky alikwisha kuandika hesabu za roketi mwaka 1903, na Mmarekani Goddard alirusha roketi ya mafuta ya kimiminika mwezi wa Machi 1926, ikaruka kwa sekunde mbili na nusu na kuangukia shamba la kabichi. Peenemünde palikuwa na kitu ambacho wale wawili hawakuwa nacho, nacho ni fedha za jeshi. Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliwanyima Wajerumani mizinga mikubwa, ila haukutaja roketi, na maofisa wa jeshi waliuona mwanya huo mapema.

Mkaazi wa Erfurt alijibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu zangu wawili na sina la kuyakosoa, isipokuwa kwamba dada yake Mwalimu bado hajajibiwa. Mimi nasema ana haki ya kuuliza, na jibu lake limo humo humo ndani ya makumbusho, mradi aendaye akubali kulisoma.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1943 ndege za Waingereza zipatazo 600 zilipiga mabomu Peenemünde. Walilenga nyumba za wahandisi, na kweli walimwua Walter Thiel, bingwa wa injini hiyo ambayo Fundi ameieleza. Lakini mabomu mengi ya mwanzo yaliangukia kambi ya Trassenheide, kusini kidogo, ambako wafanyakazi waliolazimishwa, hasa Wapolandi, walikuwa wamefungiwa ndani ya uzio. Watu zaidi ya 700 walikufa usiku ule, na wengi wao hawakuwa wahandisi wala Wajerumani. Wengine kati ya wafungwa hao ndio waliokuwa wametorosha habari za mahali pale hadi zikafika London.

Baada ya hapo utengenezaji ulihamishiwa ndani ya mlima, karibu na Nordhausen, mwendo usio mrefu kutoka ninapoishi. Wafungwa waliletwa kutoka kambi ya mateso ya Buchenwald wakachimba na kupanua mahandaki, na kwa miezi ya kwanza walilala humo humo, katika vumbi la baruti, bila kuona jua. Kambi ile iliitwa Dora. Kati ya wafungwa wapatao 60,000 waliopitia Dora na matawi yake, wapatao 20,000 walikufa, idadi inayozidi ya wale waliouawa na kombora lenyewe lilipoanguka London, Antwerp na kwingineko. Nimeingia katika handaki hilo. Sehemu inayofunguliwa kwa wageni ni ndogo, baridi yake ni ile ile kiangazi na kipupwe, na chini, ndani ya maji meusi, bado kuna mapezi na vipande vya makombora vilivyoshika kutu.

Wernher von Braun, aliyekuwa mkuu wa ufundi Peenemünde, alifika kwenye mahandaki hayo zaidi ya mara moja. Kisha alipelekwa Marekani, na roketi yake ya Saturn V, yenye urefu wa meta 110, ndiyo iliyowapeleka watu mwezini Julai 1969. Mimi si wa wale wanaosema mwezi haukustahili kufikiwa. Ninasema tu kwamba mtu akimsimulia mtoto habari za 1969, asiruke kutoka 1942 kana kwamba miaka ya katikati ilikuwa ya mapumziko. Kwa umri wa miaka 12 ataelewa. Watoto wa Kijerumani hupelekwa na walimu wao wakiwa wakubwa kidogo kuliko yeye.

Kwa dada yetu nitaongeza kisa kimoja, ambacho mwanawe atakipenda kuliko injini. Tarehe 8 Februari 1945, rubani wa Kisovieti aliyekuwa mfungwa pale pale Peenemünde, jina lake Mikhail Devyatayev, pamoja na wafungwa wenzake tisa, waliiba ndege ya Wajerumani aina ya Heinkel kutoka uwanjani wakaruka nayo hadi upande wa majeshi yao. Hakuwahi kuirusha ndege ya aina ile. Nyumbani hawakumpokea kwa vigelegele, bali kwa mashaka, na ilibidi angoje mpaka 1957 ndipo akapewa nishani ya Shujaa wa Muungano wa Kisovieti.

Mwana Katanga alijibu:

Naomba kuingilia kwa ufupi, maana naona hadithi yetu inakaribia kusahauliwa. Mwalimu wa Malindi amezoea San Marco ya Waitaliano, lakini Peenemünde yenyewe ilikuja kwetu Shaba, jina la zamani la Katanga huko Kongo, kwa njia ya mtu wake. Kurt Debus, aliyekuwa mhandisi wa kurusha makombora pale Peenemünde na baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha kurushia roketi cha Kennedy huko Florida, alipostaafu aliongoza bodi ya kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG. Kampuni hiyo ilipewa na Mobutu eneo la kilometa za mraba 100,000, kwenye uwanda ulio juu ya bonde la Mto Luvua, na tarehe 17 Mei 1977 ikarusha roketi yake ya kwanza.

Ufundi wao ulikuwa wa kubana matumizi: mabomba membamba yanayofanana, yaliyofungwa pamoja mfano wa mzigo wa kuni, na vali zake zilifunguliwa na mota za aina ile inayoendesha waipa za gari. Ziliruka mbili vizuri. Ya tatu, mwezi wa Juni 1978, Mobutu akiwa amekuja mwenyewe kutazama, ilipaa kidogo ikageuka na kuanguka bondeni. Mwaka uliofuata waliondoka, kwa kuwa Wasovieti na majirani zetu hawakuamini kwamba nia ilikuwa setilaiti peke yake. Wazee walioishi upande ule wanasimulia zaidi juu ya ndege za mizigo zilizotua porini kuliko juu ya roketi.

Binti Pangani alijibu:

Nilisahau jambo moja la usalama. Mahali penyewe palipokuwa na jukwaa la majaribio namba saba, kombora la 1942 liliporukia, hapafikiki kiholela, kwa kuwa msituni bado kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Kuna mabango ya onyo kwenye uzio. Mtoto mwenye maradhi ya roketi atakuomba mchepuke kidogo tu. Usikubali.

Mwalimu wa Malindi aliandika:

Ndugu zangu, tumekwenda na tumerudi, nami nina deni la kuwaeleza. Dada yangu aliyasoma majibu yenu yote, akakaa kimya, kisha akasema atakuja pamoja nasi. Tulilala Karlshagen. Ushauri wa Binti Pangani wa kutorudi siku ile ile uliniokoa, kwa sababu Züssow treni ilichelewa na ile ya pili ilituacha tukiitazama mgongo.

Mpwa wangu aliipita V2 ya nje kwa dakika kumi, jambo ambalo sikulitazamia, akidai kwamba ni ya kuigiza. Mbele ya injini alisimama karibu nusu saa. Nilimwuliza lile swali la Fundi, akajibu kwamba labda chuma kilipakwa kitu. Nikamwonyesha mahali ambapo ukuta umekatwa ukaonekana ule uwazi wa katikati, akaingiza macho, kisha akasema, “Kumbe inakunywa kwanza ndipo inaungua.” Maneno hayo nitayapeleka darasani kama yalivyo.

Katika vyumba vya wafungwa dada yangu ndiye aliyemsomea, akimtafsiria kutoka Kijerumani, polepole. Sikuingilia. Kijana aliuliza kama wahandisi walikuwa wakiwaona watu wale wanapokwenda kazini, na mama yake akamwambia kwamba walikuwa wakiwaona kila siku. Aliuliza tena kama kuna hata mmoja aliyekataa kuendelea na kazi. Hapo mama yake alinigeukia mimi, mwalimu, na mimi nikaanza kutafuta miwani yangu mfukoni.

Kwenye gofu la kiwanda cha oksijeni mvua ilikuwa inanyesha. Alihesabu madirisha ya upande mmoja, akayaandika katika daftari lake pamoja na mchoro wa mti uliotoka tundu la tatu, kisha akataka kujua oksijeni ya San Marco ilitengenezwa wapi. Nilimweleza kwamba roketi za Ngomeni, aina ya Scout, zilitumia mafuta magumu, yaani baruti iliyokwisha kuchanganywa na oksijeni yake, kwa hiyo hazikuhitaji kiwanda cha oksijeni wala makaa. Alifikiri kidogo akasema kwamba basi hiyo ndiyo sababu pale kwetu baharini hakuna jengo kubwa. Safari ya kurudi alilala kuanzia Zinnowitz hadi Berlin, daftari likiwa kifuani, na mama yake akaanza kuniuliza habari za treni ya kwenda Nordhausen.